Mizani ya Hofu: Namna ya Kuipima Trela ya Filamu ya Kutisha

Kazi ya trela ya filamu ya kutisha ni ngumu kuliko kazi ya filamu yenyewe, kwa kuwa filamu hupewa saa nzima na zaidi ya kumzoesha mtazamaji nyumba, watu na desturi zao kabla ya balaa kuwashukia, ilhali trela, ambayo aghalabu haizidi dakika mbili na nusu, sharti imtoe mtu katika utulivu, imtie fadhaa, kisha imwache na shauku ya kulipa kiingilio ili akatishwe tena. Atakaye kuihukumu kwa insafu asiulize ametishwa kiasi gani, maana mlango ukibamizwa ghafla humshtua hata shujaa. Na aulize amefichwa nini, na kwa ustadi gani.

Mwaka 1960 Alfred Hitchcock, alipotaka kuitangaza Psycho, hakuokota vipande vya filamu akaviunga kama ilivyokuwa ada, bali alijitokeza mwenyewe, na kwa muda wa zaidi ya dakika sita akawatembeza watazamaji katika hoteli ndogo ya barabarani na katika nyumba iliyo nyuma yake, mfano wa dalali muungwana aonyeshaye mali kwa mnunuzi. Penye ngazi alianza kusimulia jinsi mtu alivyouawa na jinsi mwili ulivyoanguka, akafika mahali pabaya kuliko pote, akanyamaza, akaendelea na safari yake. Mwishowe aliingia bafuni, akasifu usafi wake, akalivuta pazia kwa ghafla, na uso wa mwanamke ukatokea ukipiga ukelele. Mwanamke yule alikuwa Vera Miles aliyevishwa nywele za bandia, wala si Janet Leigh aonekanaye bafuni katika filamu. Hapa mjuzi ataona asili ya sanaa hii: mahali pameonyeshwa pote, tendo limefichwa lote, na kila sentensi iliyokatizwa hukamilishwa na akili ya msikilizaji, ambayo katika kubuni mabaya haina mshindani.

Jambo la pili la kupimwa, nalo kwangu ndilo kubwa, ni kimya. Katika Cat People ya mwaka 1942, iliyotengenezwa na Val Lewton na kuongozwa na Jacques Tourneur, mwanamke hutembea usiku kando ya ukuta wa bustani, nyayo za mwenzake zikimfuata, kisha nyayo hizo hukoma. Yeye huharakisha, hugeuka, haoni kitu, na mara basi huingia mbele yake kwa mlio wa breki ufananao na ngurumo ya chui. Hakuna aliyedhurika, lakini tangu siku hiyo mafundi wengi wameuiga mpango huo, na wengi wao wameiga basi wakausahau ukuta, wasijue ya kuwa kilichomtesa mtazamaji ni ule muda wa kungoja. Basi, unapoitazama trela, sikiliza urefu wa vimya vyake. Fundi hodari huvirefusha na kuvifupisha hata sikio likakosa pa kuegemea. Fundi dhaifu hukaa kimya, hupiga kishindo, hukaa kimya kwa kiasi kile kile, hupiga tena, na kabla ya kishindo cha tatu mtazamaji amekwisha kuijua hesabu. Na yuko fundi wa chini zaidi, asiyengoja kabisa: mwaka 2018 tangazo fupi la The Nun lilionyesha alama ya sauti ikipunguzwa, ili mtu adhani kifaa chake kina hitilafu na asogeze uso, ndipo mtawa wa kutisha akamrukia kwa ukelele. YouTube waliliondoa tangazo hilo kwa kuvunja kanuni zao, na kwa maoni yangu lilistahili kuondolewa hata kwa kanuni za sanaa, kwani lililochokozwa pale ni mishipa ya mwili tu.

Ada za utanzu huu, yaani mlango unaolia, mtoto anayeimba, giza kati ya picha na picha, na mshtuko mmoja wa mwisho baada ya jina la filamu, hazina aibu. Aibu ni kuzitumia kana kwamba zenyewe zinatosha. Wimbo wa zamani uliopunguzwa mwendo ulikwisha kuchakaa katika trela nyingi wakati Jordan Peele alipoitoa ile ya Us, siku ya Krismasi ya mwaka 2018, lakini wimbo wa kundi la Luniz uliotumiwa humo ulikuwa wa furaha na wa mitaa ya California, ukasikika kwanza kama ulivyo, familia ikiufurahia garini, na ndipo nyuzi zikaubadilisha kidogo kidogo ukawa uadui. Mageuzi hayo yalipendwa hata yakaingia katika filamu yenyewe.

Kuhusu hadaa, nasema ni halali iwapo ni ya mpangilio. Trela ya Hereditary, mwaka 2018, iliwafanya watu wadhani wamejua hadithi ni ya nani, pasipo kuonyesha picha moja ya uongo. Waliotangaza Longlegs mwaka 2024 walimficha Nicolas Cage uso wake, na naona uzuri wa urithi katika jambo hilo, kwa kuwa mwongozaji, Osgood Perkins, ni mwana wa Anthony Perkins aliyeigiza muuaji wa Psycho.

Msomaji atakaye kujizoeza na aichukue trela moja, aisikilize kwanza akiwa amefumba macho, kisha aitazame bila sauti. Ikiwa upande mmoja haubaki na uhai bila ya mwingine, kazi ni ya harakaharaka. Kwa jaribio hili, ile ya The Shining ya mwaka 1980, ambamo kamera ya Stanley Kubrick haitikisiki mbele ya milango miwili ya lifti, majina yakipanda taratibu mpaka damu inapofurika na kubeba viti, ni ya daraja ya juu. Lakini naitanguliza ya Alien ya mwaka 1979: yai lifananalo na la kuku, ambalo hata si la namna ile iliyomo katika filamu, lapasuka na kutoa nuru; watu wakimbia, mlio kama wa king'ora wapanda, hakuna asemaye neno, kisha kimya, na sentensi moja iliyoandikwa kutukumbusha kwamba huko angani ukelele hauna msikilizaji. Katika trela zote nilizozitazama, sijaona iliyoipita.