Takwimu Zilizoletwa na Wavuvi

Mwaka 1994 mkoa wa Tanga ulianza programu ya kuhifadhi na kuendeleza ukanda wake wa pwani. Fedha zilitoka serikali ya Ireland, utaalamu ukasaidiwa na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, na wilaya zilizohusika zilikuwa Tanga, Muheza na Pangani. Matatizo yalijulikana: baruti ilikuwa ikivunja matumbawe, samaki wakipungua, mikoko ikikatwa ovyo. Nimechagua programu hii kwa sababu ya jinsi vikao vyake vilivyoundwa. Wengi wetu tunaokaa warsha nzima tukitazama slaidi tungepata mengi hapo.

Maafisa ugani wa wilaya walifunzwa kwanza kazi ya uwezeshaji, yaani kuuliza na kusikiliza, kabla ya kupelekwa vijijini. Walianza na vijiji vichache vya majaribio, vikiwemo Kigombe na Kipumbwi. Wanakijiji wenyewe walitaja matatizo yao, wakachimbua sababu, kisha wakachagua la kushughulikia. Ofisini tunafanya kinyume: mada inaandikwa na mtu mmoja usiku, washiriki wanaikuta ukutani asubuhi, halafu tunashangaa hakuna anayeuliza swali. Atauliza nini, na jambo limekwisha kukatwa bila yeye?

Hatua iliyo na uzito zaidi kwangu ni upimaji wa miamba. Wanakijiji walifunzwa kuogelea juu ya mwamba na kuhesabu pamoja na watumishi wa wilaya: matumbawe hai ni kiasi gani, yaliyovunjika ni kiasi gani, samaki wa aina gani wapo. Matokeo yalirudishwa kijijini kujadiliwa. Fikiria tofauti yake. Mtaalamu akionyesha chati ya matumbawe, mvuvi ana haki ya kusema, "Wewe umefika lini huko?" Akizungumza mwenzake aliyezamia mwamba uleule, swali hilo halipo tena, na mjadala unahamia kwenye la kufanya. Hakuna rangi ya slaidi wala ufundi wa kuzungumza unaoweza kuchukua nafasi ya hilo.

Tena vikao vilikuwa na la kuamua. Vijiji vinavyovua eneo moja viliandika mpango wa pamoja, kama ule wa Mtang'ata: miamba ipi ifungwe, zana gani zikatazwe, nani afanye doria. Mpango ulipitiwa tena baada ya muda, vipimo vipya vikiwa mezani. Aliyekuja mkutanoni alijua kwamba neno lake lingeweza kufunga mwamba anaoutegemea kwa kitoweo. Mtu wa namna hiyo hasinzii.

Lazima niseme pia mpaka wa njia hii. Baruti ilipungua sana mwishoni mwa miaka ya 1990, doria zilipopata nguvu, lakini katika muongo uliofuata milipuko ilisikika tena. Kikao cha kijiji hakina boti ya doria ya kutosha wala mahakama. Ndiyo maana naona ajenda yoyote iliyo na jambo lililo nje ya uwezo wa waliokaa inapaswa kuwa na jina la mwenye uwezo huo, naye aalikwe. Kwa idara inayopanga kikao cha robo mwaka, ningeshauri ianze na watu wawili wa ngazi ya chini: wapewe wiki mbili za kupima tatizo wanaloliishi, kisha wao ndio wasimame mbele.