Amri ya Shemwindo: Maslahi ya Mtawala na Manufaa ya Umma katika Utendi wa Mwindo na katika Historia ya Masisi na Walikale

Utangulizi

Wanyanga wa Walikale, katika Kivu ya Kaskazini, ni miongoni mwa jamii za Kiafrika zilizobahatika kuhifadhiwa tendi zao kwa maandishi wakati manju wake wangali hai. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck aliunakili utendi wa Mwindo kutoka kwa manju Candi Rureke, ambaye aliusimulia, akauimba na kuuigiza kwa muda wa siku 12. Mwaka 1969 utendi huo ulichapishwa kwa Kinyanga pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kazi iliyofanywa na Biebuyck kwa kushirikiana na Kahombo Mateene, mwanaisimu ambaye Kinyanga kilikuwa lugha yake ya kwanza. Tangu wakati huo Mwindo amewekwa katika safu moja na Sundiata wa Wamande na Fumo Liyongo wa Waswahili.

Usomaji wa kawaida wa utendi huu ni mwepisi. Baba ni mbaya, mwana ni mwema. Baba anashindwa, mwana anatawala, na nchi inatengemaa. Tahakiki hii inadai kwamba usomaji huo unaacha nje jambo lililo kiini cha kazi yenyewe, nalo ni baraza. Utendi wa Mwindo hauulizi tu ni nani mwenye ubinafsi. Unauliza pia ubinafsi huo ulipitaje mbele ya watu wazima wenye akili hata ukawa sheria. Swali hilo ni zito kwa fasihi, na ni zito zaidi kwa wilaya za Walikale na Masisi, ambako historia ya karne nzima imelirudia mara nyingi.

Amri iliyotolewa barazani

Mwami Shemwindo wa kijiji cha Tubondo ameoa wake saba. Anawaita watu wote, wakubwa kwa wadogo, washauri na waungwana, na mbele yao anatangaza kwamba wakeze wazae watoto wa kike tu, na kwamba mtoto wa kiume atakayezaliwa atauawa. Manju haelezi sababu ya amri hiyo, na wahakiki wanaweza kuifasiri kwa njia mbili. Ya kwanza ni mahari: binti huingiza mali nyumbani, ilhali mwana wa kiume huitoa. Ya pili ni kiti: mwana wa kiume ndiye atakayemrithi baba. Tafsiri zote mbili zinakutana mahali pamoja. Mwami anayachukua maisha ya ukoo, ambayo ni ya wote, na kuyapima kwa faida ya mtu mmoja.

Hata hivyo, namna amri inavyotolewa ina uzito kuliko sababu yake. Shemwindo hainong'onezi chumbani. Anaitamka katikati ya baraza, na baraza linanyamaza. Mwindo anapozaliwa na mikuki ya babaye kushindwa kumpata, ni washauri wanaotumwa kuchimba kaburi, nao wanalichimba. Mtoto anapotoka kaburini akiwa hai, ni wao tena wanaotumwa kuchonga mzinga wa ngoma ili afungiwe humo na kutupwa mtoni, nao wanauchonga. Kwa upande wa fani, marudio haya ni mbinu inayojulikana ya masimulizi. Kwa upande wa maudhui yana kazi nyingine: kila rudio ni nafasi ambayo baraza lilipewa ya kukataa, nalo halikuitumia.

Ndiyo maana kilele cha utendi si vita bali ni kikao. Mwindo anarudi kutoka kuzimu akiwa amemkamata babaye, na watu watatu wanaketi kwenye viti mbele ya umma: Mwindo, Shemwindo na Iyangura, dada yake Shemwindo. Iyangura ndiye anayetoa shutuma. Anamlaumu kaka yake pamoja na washauri na waungwana wake kwa kuwabagua watoto, kuwaita hawa wabaya na wale wema, hali wote ni zawadi. Hapo lawama inagawanywa kwa mara ya kwanza. Shemwindo anakiri mbele ya watu wake na kumkabidhi mwanawe nembo za utawala. Laiti utendi ungekuwa na nia ya kumwadhibu mtu mmoja tu, baba angeuawa kuzimu na hadithi ikaishia huko.

Shujaa naye hufundwa

Usomaji mwepesi unashindwa tena katika sehemu ya pili. Mwindo mwenyewe si mwema tangu mwanzo. Ni mwenye majigambo yasiyokwisha, na anapoishambulia Tubondo, radi ya Nkuba inawaangamiza watu wasiohusika na ugomvi wa baba na mwana. Wafu hao wanaachwa walipo mpaka shujaa amkamate mtu anayemtafuta. Ndipo anaporudi na kuwafufua kwa usinga wake.

Baada ya kutawazwa, anatamani nyama ya nguruwe mwitu, anawatuma Watwa msituni, na baadhi yao wanamezwa na zimwi Kirimu. Mwindo analiua zimwi hilo, lakini Kirimu alikuwa amechanjiana udugu na Nkuba. Nkuba anamchukua Mwindo hadi mbinguni, na huko, kwa muda wa mwaka mmoja, mtawala asiyeshindwa na mtu anateswa kwa baridi, mvua na jua, na kukatazwa kuua wanyama. Anarudi akiwa mpole, na hapo tu ndipo anapotoa sheria za nchi: watu walime vyakula vya aina nyingi, wakae katika nyumba nzuri, wasigombane, wasimcheke mlemavu, wamwogope mwami, naye mwami awaogope watu.

Sheria hiyo ya mwisho inapindua amri ya Shemwindo. Ile ya kwanza ilitoka kwa mtu asiyemwogopa yeyote, na hii ya mwisho inafanya woga uende pande mbili. Ni muhimu pia kwamba haitolewi na Mwindo mshindi, bali na Mwindo aliyeadhibiwa. Kwa mujibu wa utendi huu, kuonewa zamani hakumpi mtu haki ya kutawala bila mipaka.

Ulinganisho na Liyongo unalifafanua jambo hili. Katika utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijuma mwaka 1913, mwana anamuua babaye kwa tamaa ya kuozwa binti wa sultani na kupewa cheo, na hatimaye anakosa vyote viwili. Maiti ya Liyongo inabaki imepiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wa mji wanashindwa kuteka maji. Hesabu ya faida ilikuwa ya watu wawili, lakini kiu ilikuwa ya mji mzima.

Masisi na Walikale: amri nyingi

Kuanzia mwaka 1937 hadi 1955 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliwahamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda hadi Masisi, katika nchi ya Wahunde. Walihitajika kama nguvukazi ya mashamba makubwa ya walowezi. Kwa lugha ya kiofisi uhamisho huo ulikuwa msaada kwa nchi yenye njaa na watu wengi. Wahamiaji waliundiwa eneo la utawala la Gishari, ambalo lilivunjwa mwaka 1957. Wahunde waliopoteza ardhi na wahamiaji waliopoteza utawala wao walibaki wakitazamana, ilhali faida ilikwisha kwenda kwa wengine.

Baada ya uhuru amri ziliendelea. Sheria ya Januari 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wakiishi Kivu kabla ya 1950. Sheria ya Juni 1981 ikaufuta, ikimtaka mtu aonyeshe asili inayofika mwaka 1885. Kati ya hizo mbili, mwezi Novemba 1973, Mobutu alitangaza kutwaliwa kwa mali za wageni, na mashamba ya walowezi wa Masisi yakaangukia mikononi mwa watu wachache waliokuwa karibu na utawala, mengi yakiwa malisho ya ng'ombe. Kila hatua ilitangazwa kwa jina la taifa. Kama amri ya Shemwindo, sheria hizi ziliamua ni mtoto yupi anayestahili kuwapo na yupi hastahili, na waliozipitisha walikuwa na hesabu zao za kura na za ardhi.

Ushindani wa vyama ulipokaribia mwanzoni mwa miaka ya 1990, hesabu hizo zilikuwa kali zaidi. Machifu waliogopa kuzidiwa kwa kura, na viongozi wa Wahutu walidai haki ya kura hizo pamoja na kukataa kodi za kimila. Tarehe 20 Machi 1993 makundi yenye silaha kutoka jamii zilizojiita wenyeji yaliwashambulia Wanyarwanda, wengi wao Wahutu, katika soko la Ntoto wilayani Walikale. Mauaji yalienea hadi Masisi, na makundi ya Kihutu yakalipiza kisasi kwa Wahunde. Maelfu walikufa, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Soko ni mahali ambapo faida ya kila mmoja inategemea usalama wa wote, na ndipo vita vilipoanzia. Tubondo ilifufuliwa kwa usinga, lakini Ntoto haikuwa na wa kuifufua.

Tangu wakati huo msamiati wa manufaa ya umma umezidi kupanuka. Mai-Mai walianza kwa jina la kulinda vijiji. Katika machimbo ya bati ya Bisie, Walikale, kikosi kilichotokana na Mai-Mai na kuingizwa katika jeshi la taifa kilitoza ushuru kwa miaka kadhaa kwa faida ya makamanda wake. Ntabo Ntaberi Sheka aliliita kundi lake la Walikale ulinzi wa Kongo, na mwaka 2011 akagombea ubunge. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, kundi hilo pamoja na washirika wake walibaka watu zaidi ya 300 katika vijiji vya wilaya hiyo hiyo. Mahakama ya kijeshi mjini Goma ilimhukumu kifungo cha maisha mwezi Novemba 2020. Waasi wa M23 nao waliyateka machimbo ya koltani ya Rubaya, Masisi, mwaka 2024, wakisema wanawalinda wanaobaguliwa. Wanaopigana nao hujiita Wazalendo, na baadhi ya makundi yao yameshutumiwa kuwatoza raia fedha vizuizini. Neno uzalendo, lililo miongoni mwa maneno yenye heshima kubwa katika Kiswahili cha siasa, limekuwa jina la kikosi.

Katika mambo haya yote, usomaji mwepesi wa Mwindo ndio unaotawala. Kila upande una Shemwindo wake, ambaye daima hutoka upande wa pili, na una Mwindo wake aliyeonewa, ambaye kwa kuwa ameonewa hatakiwi kuulizwa lolote. Sehemu ya adhabu ya mbinguni haisimuliwi.

Mipaka ya utendi

Haitakuwa haki kuufanya utendi huu kuwa dawa ya kila ugonjwa. Kwanza, ni wa Wanyanga. Wahunde, Watembo, Wahutu na Watutsi wa eneo hili wana masimulizi yao. Pili, umma unaozungumziwa ni watu wa mwami mmoja, na swali la mgeni aliyekuja kuishi na kuzaa watoto haliulizwi kabisa. Tatu, wasio na cheo ndani ya umma huo hawana sauti: wake saba hawaulizwi maoni yao, na Watwa wanakufa kwa ajili ya hamu ya nyama ya mtawala. Mwanamke pekee anayesikilizwa barazani ni Iyangura, naye ni dada wa mwami.

Mipaka hiyo haiondoi thamani ya kazi, bali inaonyesha mahali ambapo msomaji wa leo anapaswa kuendelea peke yake. Kanuni ya Iyangura, kwamba watoto wote ni zawadi na kwamba anayewabagua atajibu yeye pamoja na washauri wake, haitaji ukoo. Ikisomwa hivyo, inawagusa watoto wa Gishari na wa Ntoto bila kujali babu zao walifika mwaka gani.

Hitimisho

Tahakiki hii imejaribu kuonyesha kwamba mgongano wa maslahi binafsi na manufaa ya umma katika utendi wa Mwindo hauko kati ya mtu mwovu na mtu mwema. Uko kati ya amri na baraza linaloipokea. Kwa walimu na wanafunzi wa fasihi simulizi, hilo lina maana ya kuwahesabu washauri kuwa wahusika wakuu, wala si mandhari tu. Swali la mtihani lisiwe tu kwamba Shemwindo alikuwa mtawala wa aina gani. Wanafunzi waulizwe pia ni nani waliochimba kaburi, ni nani waliochonga ngoma, na walikuwa wakifikiri nini walipokuwa wakifanya kazi hiyo.