Mng'ao na Ufafanuzi: Nasaba Mbili za Neno la Kiingereza *Gloss*

Neno la Kiingereza *gloss* huwatatiza wafasiri na watunga kamusi kwa kuwa lina umbo moja na nasaba mbili. Kwa maana ya kwanza, hutaja mng'ao wa juujuu: wa hariri, wa karatasi laini, wa ukuta uliopakwa rangi ya mafuta. Kwa maana ya pili, hutaja maelezo mafupi ya neno gumu, yaandikwayo pambizoni au baina ya mistari ya matini. Ni rahisi kuziunganisha maana hizo kwa kudai kwamba maelezo hulitia neno nuru. Makala haya yanadai kuwa undugu huo haukuwapo tangu asili. Uliundwa na watumiaji, na namna ulivyoundwa ina funzo kwa kamusi na kwa uhakiki.

*Gloss* lenye maana ya mng'ao ni la jamii ya lugha za Kijerumaniki. Lilijitokeza katika maandishi ya Kiingereza katika karne ya 16, nalo linahusishwa na maneno ya Kiskandinavia yahusuyo miali na mwako, na pia na neno *glow*. *Gloss* la ufafanuzi lilipita njia nyingine. Chimbuko lake ni *glossa* la Kiyunani, yaani ulimi, kisha lugha, kisha neno geni lihitajilo kuelezwa. Kwa kupitia Kilatini na Kifaransa cha kale, lilifika katika Kiingereza kwa umbo la *glose*. Katika karne ya 16 tahajia yake ilirekebishwa ili ifuate Kilatini. Hapo ndipo maneno mawili yasiyo na udugu yalipokutana katika umbo moja.

Hadi hapo, suala ni la homonimia, kama lilivyo la kaa wa baharini na kaa la moto. Hata hivyo, maneno hayo mawili hayakubaki mbalimbali. Kazi ya kufafanua ilikuwa na heshima: katika karne ya 10, kasisi Aldred aliandika maana za Kiingereza cha kale baina ya mistari ya Kilatini ya Injili za Lindisfarne. Lakini anayeeleza matini ana uwezo wa kuipotosha. Katika Kiingereza cha Chaucer, karne ya 14, kitenzi *glosen* kilimaanisha kueleza, na pia kurairai na kuhadaa. Katika *The Summoner's Tale*, mtawa ombaomba anayasifia maelezo kuliko matini yenyewe, huku akimwomba mgonjwa fedha. Doa la hila, basi, lilikuwa katika neno la ufafanuzi kabla neno la mng'ao halijazoeleka.

Karne ya 17 ilileta *gloss over*, yaani kulifunika kosa hadi lionekane jema. Ufafanuzi ulitoa hila; mng'ao ulitoa taswira. Kamusi inayokiweka kitenzi hicho chini ya mng'ao peke yake inaifuta shaka ya karne nyingi ya wasomaji dhidi ya wafafanuzi.

Kiswahili kina nahau iliyo karibu na dhana hiyo: kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Hapa pia mafuta na hadaa vimeungana, bila msaada wa homonimia yoyote. Hata hivyo, visawe hivyo havilingani kisarufi. Yambwa ya kitenzi cha Kiingereza ni kosa linalofunikwa. Yambwa ya nahau ya Kiswahili ni mtu anayehadaiwa. Ripoti haiwezi kuzipaka hasara mafuta kwa mgongo wa chupa. Inaweza kuwapaka wasomaji wake, au kuzifunika hasara kwa maneno mazuri. Mfasiri asiyeliona hilo huandika sentensi isiyo ya Kiswahili, au humsahau aliyedanganywa.

Neno *sherehe* linaonyesha mwendo wa kinyume. Sherehe ya harusi na sherehe iwekwayo mwishoni mwa diwani kufafanua msamiati huonekana kuwa maneno mawili. Kihistoria, yote yanarudi kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wenye dhana ya kufungua: kufunguka kwa kifua ni furaha, kufunguliwa kwa maneno ni ufafanuzi. Kwa hiyo, kufanana kwa umbo hakuthibitishi udugu, wala kuachana kwa maana hakuuvunji.

Kwa watunga kamusi, matokeo yake ni bayana: *gloss* listahili vidahizo viwili, na *gloss over* ielekezwe kwa vyote viwili. Kwa wahariri wa ushairi, funzo ni zito zaidi. Sherehe inayolipa neno maana moja pale mshairi alipokusudia mbili huuacha ubeti ukiwa mwepesi na unaong'aa, na hufunga kile ilichopaswa kufungua.