Mtumba wa Kasekera

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hata Ujiji kwa kupitia Tabora imeandikwa na wageni wengi. Vitabu vyao vyataja wapagazi kwa mamia, lakini aghalabu mpagazi huonekana humo kama bega lililo chini ya mzigo, wala si kama mtu mwenye shauri lake. Kimoja kati ya vitabu hivyo chastahili kusomwa upya na mwanafunzi, na hasa mwanafunzi Mkristo, kwa kuwa kina kisa kinachompima msomaji mwenyewe. Nacho ni shajara za mwisho za David Livingstone, zilizotolewa London mwaka 1874 na kasisi Horace Waller.

Livingstone alifariki mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Sehemu ya mwisho ya kitabu, basi, si kazi ya kalamu yake. Waller aliijenga kwa masimulizi ya watu wawili, Abdullah Susi na James Chuma, waliofika Uingereza baadaye mwaka 1874, wakakaa naye na kujibu maswali yake. Yafaa tumsifu Waller kwa hili: alijua kwamba ujuzi wa safari ile ulikuwa kwao, akawataja kwa majina. Hata hivyo maneno yao yametufikia yamevaa nguo ya Waller, na nguo hiyo imeshonwa kwa neno moja: uaminifu. Tunaonyeshwa watumishi waaminifu waliomtii bwana wao hata baada ya kufa kwake.

Neno hilo ni zuri, na hapo ndipo penye hatari. Lawama humfanya msomaji aulize maswali. Sifa humfanya atosheke. Tukitaka kuwafahamu watu hawa hatuna budi kuifunua sifa, kama tunavyofunua lawama, tutazame iliyo chini yake.

Tuanze Kwihara, karibu na Tabora, mahali lilipo tembe ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872. Mwezi wa Oktoba 1873 wachukuzi wa maiti walimkuta huko Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron alitoa shauri kwamba maiti izikwe papo hapo, maana njia ya pwani ilikuwa na hatari. Shauri lake halikuwa la kijinga. Walilisikiliza, wakalikataa, wakashika njia. Sasa na tuulize: katika kukataa huko walimtii nani? Bwana wao hakuwa na amri tena. Aliyekuwa hai, mwenye cheo na mwenye taifa moja na marehemu, aliwashauri kinyume. Walichokifanya hakiwezi kuitwa utii. Walipima, wakakata shauri, wakalibeba shauri lao mabegani kwa miezi iliyobaki.

Kisha soma habari za Kasekera, katika njia ya kutoka Unyanyembe kwenda pwani. Wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Wasafiri wakafanya hila. Waliufungua mwili, wakaufunga upya kwa umbo la mtumba wa bidhaa, kama mitumba mingine iliyopita kila siku katika njia ile. Wakachukua mabua ya mtama, wakayafunga kwa nguo yakawa mfano wa maiti, kisha watu sita wakayabeba kurudi Unyanyembe, kana kwamba wanakwenda kuzika. Usiku wakayatupa mabua porini kidogo kidogo, wakarudi kwa wenzao.

Sijui kisa kingine katika fasihi ya misafara kinachosema wazi zaidi juu ya sura na undani. Kilichoonekana maiti kilikuwa mabua. Kilichoonekana bidhaa kilikuwa mwili wa mtu. Mkristo mwenye dhamiri nyepesi atauliza: je, huu si udanganyifu? Ni udanganyifu, na mhakiki hana kazi ya kuutakasa. Lakini kufahamu kunatangulia kuhukumu. Kitabu chaiona hofu ya wenyeji kuwa ushirikina tu. Wasafiri hawakuwacheka wenyeji, wala hawakupigana nao. Walijua kwamba kijiji kinaweza kuwa na sababu ya kuogopa maiti ya mgeni, wakatafuta njia ambayo damu haikumwagika. Waliwasoma watu wa Kasekera vizuri kuliko kitabu kinavyowasoma.

Lililobaki ni jambo gumu zaidi, maana latuhusu sisi wenyewe. Tarehe 18 Aprili, 1874, Livingstone alizikwa katika Westminster Abbey. Kati ya walioshika sanda ya jeneza alikuwapo Mwafrika mmoja, Jacob Wainwright. Alikuwa amesoma katika shule ya misheni ya Nasik, India, alijua Kiingereza, ndiye aliyesoma sala ya maziko kwa Chitambo. Wamisheni walimlipia nauli. Susi na Chuma, waliouongoza msafara, hawakuwapo. Simwonei Wainwright kijicho: alitembea njia ile ile, na heshima aliyopewa ilikuwa haki yake. Ila ni dhahiri kwamba Wakristo wa siku ile walimwona upesi yule aliyefanana nao. Susi alikuwa Mwislamu wakati ule. Hakubatizwa hata mwaka 1886. Kazi ya rehema aliyoifanya kwa maiti ya Mkristo aliifanya kabla hajaitwa Mkristo. Msomaji wa Injili ya Luka angepaswa kulitambua jambo hili mara moja, maana Bwana mwenyewe alipoulizwa jirani ni nani alimtaja Msamaria.

Basi mhakiki Mkristo anao wajibu wa namna mbili. Asikubali dharau ya vitabu vya wageni. Hilo tumekwisha kujifunza. Lakini asikubali upesi sifa zao pia, maana mtu aweza kufichwa na sifa kama mwili ule ulivyofichwa na mtumba. Wainwright naye alirudi bara, akafa Urambo, magharibi ya Tabora, mwaka 1892. Anayekwenda leo kulitazama tembe la Kwihara ataonyeshwa alipokaa mgeni mashuhuri. Na asimame pia uani, akumbuke kwamba hapo watu walisikiliza shauri la mkubwa, wakasema hapana.