Kamba Haikujibu Swali la Kukhu

Nianze na kamba, kwani hata nyinyi mliokuwemo kwenye matembezi ya Jumamosi ile hamna habari nyingine midomoni. Kamba ya katani, ile ya kufungia ng'ombe, ilichomolewa kwenye mkoba wa mwongozaji tukiwa kituo cha nne, chini ya mwembe, upande wa Matungu, miwa imetuzunguka pande tatu. Hadi hapo kijana alikuwa amefanya kazi safi. Baada ya hapo pia hakuharibu kitu. Ila kipa anaweza kudaka dakika themanini na tisa, kisha akauachia mpira mmoja umpite katikati ya miguu, na ni huo mmoja watu wanaokwenda nao nyumbani.

Turudi nyuma dakika tatu, maana kosa halikuzaliwa na kamba. Lilizaliwa na sarufi.

Mkumbukeni alivyosema, amesimama mgongo kwenye shina la mwembe: "Watu walikamatwa. Walifungwa. Walipelekwa pwani. Waliuzwa." Vitenzi vinne, vyote vya kutendwa, na mtendaji hata mmoja hayumo. Kiswahili kina kile kiambishi kidogo cha -w- ambacho mtu akitaka anaweza kujificha ndani yake mwaka mzima bila kutaja jina la yeyote. Lakini lugha hiyohiyo ikatupa na neno la herufi mbili la kumfichua aliyejificha. Kukhu mmoja, bibi mzee aliyekuwa ameketi juu ya jiwe, viatu amevivua na kuvipanga kando, ndiye aliyelitumia.

"Walikamatwa na nani, mwanangu?"

Hilo ndilo swali lote la matembezi. Tulilipa shilingi mia tano kila mmoja kuoneshwa upande wa giza wa mji mkongwe wa Mumias na jirani zake. Mia mbili niliihesabia matatu, hamsini ya chai na mandazi, iliyobaki ilikuwa bei ya jibu la Kukhu.

"Hilo ni swali zuri sana, Kukhu," akasema, nami nikajua tumekwisha. Mwongozaji anayesifu swali anatafuta mlango wa kutokea. Mlango wake ulikuwa ndani ya mkoba.

Akaita watu sita wajitolee. Akawapanga mstari mmoja, akawapitishia kamba shingoni, taratibu, bila kukaza, nakiri. Mbele kabisa alikuwa bwana mmoja kutoka Webuye, ambaye tangu kituo cha pili alikuwa akiuliza kama tutafika Chetambe. Kisha mwongozaji akatupa macho kundini, akaona kijana mwenye kofia nyeupe ya kufuma, akamkabidhi ncha ya kamba. "Wewe Mswahili, vuta." Watu wakacheka. Simu zikatoka mifukoni. Kijana aliishika ile kamba kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake, akapiga hatua tano, akaiachia chini.

Baadaye tulijikuta pamoja mkiani mwa msafara, ambako mimi hupenda kutembea kwa sababu ukweli wa matembezi hukaa mkiani. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, mimi ni Mushitsetse."

Yaani mtu wa ukoo wa Nabongo mwenyewe, mfalme wa Wawanga.

Sasa tupime. Biashara ile ilikuwa na nafasi tatu: anayekamatwa, anayenunua, na mwenyeji ambaye uani kwake biashara inafanyika. Mwongozaji alijaza mbili na ya tatu akaiacha tupu, na mtu pekee aliyestahili kuulizwa kuhusu ile ya tatu akamvisha ya pili kwa ajili ya kofia. Misafara ya pwani ilianza kufika Elureko, yaani Mumias ya leo, zama za Nabongo Shiundu, ndiyo maana wageni waliuita mji Kwa Sundu. Joseph Thomson alipofika mwaka 1883 alikuta Shiundu amekwisha kufa na mwanawe Mumia, aliyeshika ufalme mwaka 1882, yuko kitini. Wafanyabiashara walipata hapo chakula cha safari, mahali pa kupumzika, pembe za ndovu na mateka. Nabongo akapata marafiki wenye bunduki dhidi ya majirani waliomsumbua. Wengine katika wageni hao hawakurudi pwani. Waliacha msikiti, waliacha dini, na Wawanga wengi wakaipokea, hata ndani ya nyumba ya kifalme. Kwa hiyo kofia Mumias haikwambii babu wa mtu alitoka wapi. Mwongozaji alikuwa ameyasema haya mwenyewe kituo cha kwanza, mbele ya msikiti, vizuri kabisa! Vituo vitatu baadaye akayasahau kwa sababu alihitaji mtu wa kuvuta kamba.

Kuna na jambo la ufundi mtupu. Alipokuwa akizungumza, kundi lilikuwa nusu duara, Kukhu katikati, kila mtu anamwona mwenzake. Mpangilio mzuri wa kujibu swali gumu. Kamba ilipotoka, nusu duara ilivunjika, watu wakakimbilia upande wa jua ili picha zisiwe nyeusi, Kukhu akabaki nyuma ya migongo. Swali lake halikukataliwa. Lilifunikwa tu. Niliangalia saa: tangu aulize mpaka kamba kukunjwa zilipita dakika kumi na moja, na katika dakika hizo hakuna aliyetaja mtendaji mmoja.

Watasema ni maigizo ya kuwagusa watu, na kwamba Unguja wanafanya. Wanafanya nini Unguja? Pale Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, kuna shimo la mstatili ardhini, na ndani yake sanamu tano za zege alizozichonga Clara Sörnäs mwaka 1998. Minyororo iliyo shingoni mwa sanamu hizo ni minyororo ya kweli ya enzi zile. Hakuna mgeni anayefungwa. Wewe unasimama ukingoni na kuwatazama kutoka juu, na baada ya dakika moja unagundua umesimama pale aliposimama mnunuzi. Ndiyo kazi iliyofikiriwa: imekupa nafasi usiyoitaka, tena bila kukugusa. Kwetu chini ya mwembe kila mtu alipewa nafasi aliyoifurahia, akapigwa picha.

Na kwa kuwa nimefika Mkunazini, niruhusuni kisa changu cha zamani. Hatua chache kutoka kwenye sanamu hizo wageni huteremshwa kwenye vyumba vya chini vya jengo la Mtakatifu Monika, wakaambiwa hapa ndipo watumwa walipolundikwa. Jengo lenyewe lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, kama hospitali, na wanahistoria wamekuwa wakihoji hadithi ya vyumba hivyo kwa miaka. Niliwahi kumuuliza mtembezaji mmoja pale mbona tarehe hazilingani. Akanijibu, "Mzee, wageni wanapenda giza." Sijamsamehe. Kila nikiona mwongozaji anaingiza mkono kwenye mkoba, ndiye ninayemwona.

Vituo vingine havitanichukua muda. Kituo cha Nabongo kilikwenda sawa, na makaburini alinyamaza pale palipostahili kunyamaza, jambo ambalo wengi hawaliwezi. Kile kipaza sauti cha kuning'inia kiunoni mwa msaidizi wake sitakisema tena. Nimekisema mara tatu mwaka huu, na trekta za miwa zinakishinda kila zinapopita.

Kwa kisa cha Hannington nitamsifia mwongozaji, kwa sababu nimechoka kusikia waongozaji wakimuulia Mumias. Wetu alimwacha afe pake. Askofu James Hannington alifika kwa Mumia, akaondoka tarehe 12 Oktoba 1885 na watu wapatao hamsini kuelekea Buganda, akauawa Busoga tarehe 29 mwezi huohuo kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mifupa yake ndiyo iliyorudi Mumias, ikalala hapa hadi Askofu Tucker alipoichukua na kuizika Namirembe, siku ya mwisho ya mwaka 1892. Kijana aliyasema yote hayo bila karatasi, amesimama kivulini, wageni ndio aliowaweka kivulini zaidi. Na tazameni: katika kisa hicho kila kitenzi kilikuwa na mwenyewe. Aliuawa *na* nani, kwa amri *ya* nani, akazikwa *na* nani. Muuaji akiwa Mganda au Msoga, sarufi yetu haina shida.

Hapo ndipo bwana wa Webuye aliponyoosha mkono mara ya kwanza. Akajibiwa kwamba Chetambe ni Bungoma, hayo ni matembezi mengine.

Si mengine. Vita vya Chetambe vilianzia Mumias. Mwishoni mwa 1894 Frederick Spire, afisa wa Waingereza mwenye kituo chake hapa, alituma askari wa Kisudani wapatao ishirini na watano kwenda kwa Wabukusu kudai bunduki, wakamalizwa Lumboka. Februari 1895 akaja afisa mwenzake Charles Hobley, na Agosti mwaka huo jeshi likatoka: Wasudani, Waganda, Wamasai, na Wawanga. Ngome za Wabukusu zikavunjwa moja baada ya nyingine, ya mwisho ikiwa Chetambe, karibu na Webuye. Mumias ikabaki makao ya serikali hadi 1920 yalipohamia Kakamega. Mumia akafanywa chifu mkuu mwaka 1909, na ndugu zake wakatumwa kutawala watu wasiowahi kuwa wao. Murunga akapelekwa kwa Wabukusu. Mtu akitoka Webuye kuja kusikiliza giza la Mumias, hilo ndilo giza alilolifuata. Naye akaishia kufungwa kamba na kuigiza mateka, kimya, mbele ya mstari, bila yeyote kumwambia mateka wa nani. Nilimtazama usoni wakati ule. Alikuwa anatabasamu kama watu wanavyotabasamu msibani.

Sisemi kazi hii haiwezekani. Ilishafanyika. Mwaka 1947 Elijah Masinde aliwaongoza maelfu ya watu kwa miguu hadi Chetambe kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Tuache kidogo Dini ya Msambwa aliyoiongoza na serikali iliyomhamishia Lamu mwaka uliofuata, tuyatazame kama matembezi. Mahali palepale penyewe, si mfano wake. Hakuhitaji vifaa, udongo ulitosha. Na waliomfuata walijua kabla ya kufika ni nani aliyemuua nani. Masinde, kumbukeni, alikuwa mchezaji mpira, aliichezea Kenya Kombe la Gossage mwaka 1930, na mchezaji hujua kwamba pasi isiyo na mpokeaji ni mpira uliotupwa. Hata wasomi wetu wa zamani walikuwa na miguu ya namna hiyo. Gideon Were, kabla ya kitabu chake cha 1967 juu ya historia ya Abaluyia, alizunguka akiwahoji wazee wa koo moja baada ya nyingine, na ukisoma kazi yake unaona walijibu kwa majina: fulani alimpiga fulani, fulani alimkaribisha fulani. Hawa wa leo wana fulana zenye nembo.

Jumatatu jioni mwongozaji alinipigia simu. Alikuwa amesikia nitaandika. Kijana mwenye adabu, alinisalimia mpaka nikaona haya, akaniuliza, "Sasa wewe Mzee ungemjibu nini Kukhu?"

Nikamwambia: "Walikamatwa na wageni waliokaribishwa hapa na wazee wetu, na mara nyingine na wazee wetu wenyewe."

Akanyamaza. Nilisikia pikipiki ikipita upande wake.

"Maneno kumi na matano," nikaongeza, maana nilikuwa nimeyahesabu.

"Mzee," akasema, "wenye ardhi ya ule mwembe ni Abashitsetse. Nikisema hivyo, wiki ijayo nitasimama wapi?"

Nilikuwa na jibu la harakaharaka, nikalimeza. Nikamwambia aanzie hapohapo, kwa wenye mwembe, awaombe ruhusa kabla ya wageni kufika. Na kamba amrudishie mwenye ng'ombe. Akasema ng'ombe ni wake.