McEwen na mpaka wa ukingoni
Huku Migato mpaka wa nchi uko mbali, lakini kitabu cha A. C. McEwen, International Boundaries of East Africa (1971), nimekisoma kama hukumu ya kesi ya shamba. Kikavu kwelikweli. Utamu uko Ziwa Nyasa: mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 uliupitisha mpaka ukingoni mwa mashariki. Yaani kwa maandishi hayo, mtoto wa Mbamba Bay akiingia ziwani kuoga, ameshavuka nchi! Mwaka 1967 Tanzania ilidai mstari wa katikati ya maji, Malawi ya Banda ikakataa. McEwen anafukua mikataba na ramani kwa subira, hapo namkubali. Ila mvuvi simwoni. Mahakama inataka karatasi, sawa, lakini kabla ya 1890 nani alikuwa anatupa nyavu pale?