Steringi Aliyefia Nje ya Pazia: Uhakiki wa Filamu ya Pili ya Wakanda

Si desturi ya jarida hili kushughulikia filamu za Marekani, sembuse zile za majagina wavaao barakoa. Hata hivyo, mhakiki wa fasihi ya Kiswahili hawezi kuendelea kujifanya kwamba hadithi wanazozisikiliza vijana wetu jioni ni zile tu zilizohifadhiwa katika vitabu vya ngano. Sokoni Suneka, kwenye barabara itokayo Kisii kwenda Migori, hadithi nyingi husikilizwa katika banda la video, na lugha yake ni Kiswahili. Picha hutoka ng'ambo, lakini maneno hutoka kinywani mwa msimulizi. Fani hii, waliyoivumisha watu kama DJ Afro nchini Kenya na Lufufu nchini Tanzania, inastahili makala yake yenyewe. Hapa tutaigusa tu, kwa kuwa shabaha yetu ni filamu moja: Black Panther: Wakanda Forever, iliyoongozwa na Ryan Coogler na kutolewa Novemba 2022. Tunakiri tangu mwanzo kwamba tuliiendea kama wapenzi wa ile ya kwanza, na tukarudi tumefadhaika.

Banda la video lina kanuni moja ya utunzi ambayo kila mtoto aijua: steringi hafi. Hupigwa, hufungwa, hutupwa majini, lakini hafi. Kanuni hii haikuletwa na kanda za video; shujaa wa ngano naye humezwa na zimwi akatoka mzima. Filamu ya pili ya Wakanda ililazimika kuivunja. Chadwick Boseman, aliyemwigiza Mfalme T'Challa, alifariki tarehe 28 Agosti 2020 kwa saratani ya utumbo mpana, maradhi aliyoyaficha hadharani kwa miaka kadhaa. Watengenezaji waliamua kutomtafuta mwigizaji mwingine. Kwa uamuzi huo hatuna neno. Heshima ni heshima. Lawama yetu ni juu ya namna kifo chenyewe kilivyosimuliwa.

Filamu inaanza Shuri, dada wa mfalme, akihangaika katika maabara kuunda upya mmea utakaomwokoa ndugu yake. Mgonjwa hatumwoni. Maradhi hayatajwi. Malkia Ramonda anaingia, anasema kwamba mwanawe yuko kwa wahenga, basi. Kinafuata kipindi cha mazishi, watu wote wamevaa nyeupe, na kipindi hicho ni kizuri kweli. Kisha tunaambiwa mwaka umepita. Kifo ambacho ndicho kiini cha kazi nzima kimefanyika nje ya pazia.

Tulinganishe na kifo cha Fumo Liyongo, kama kilivyohifadhiwa katika utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Liyongo anachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe. Anaamka, anatwaa uta wake, anakwenda karibu na kisima wanakoteka maji watu wa mji, anapiga goti, anatia mshale, na katika hali hiyo roho inamtoka. Watu hawajui kwamba amekufa. Hakuna athubutuye kukisogelea kisima. Mji mzima unashikwa na kiu kwa hofu ya maiti, hata mama yake aitwe aje kumbembeleza mwanawe ambaye hasikii tena. Utendi huu hauogopi kukitazama kifo cha jagina: hukikalia, hukizungusha, hukifanya kuwa tatizo la umma, kiasi kwamba maji yenyewe hayanyweki mpaka jambo hilo litatuliwe. Wakanda haikushikwa na kiu. Yamkini watengenezaji walimwonea haya marehemu, nasi twaielewa haya hiyo, lakini haya si mbinu ya kisanaa. Kutokana na ukwepaji huu, huzuni ya Shuri inabaki kuelezwa tu na wahusika wengine, ambao humkumbusha kila mara kwamba hajaomboleza.

Sasa tuingie katika maudhui, maana huko ndiko tulikopungukiwa zaidi. Filamu ya kwanza ilipozinduliwa Kisumu mwezi wa Februari 2018, sisi tulikuwa masomoni London, na tuliitazama huko. Kipindi ambacho hatujakisahau ni kile cha jumba la makumbusho la Waingereza, pale Killmonger anapomuuliza msimamizi wazee wake walivipataje vitu vile. Je, walivilipia bei ya haki? Mtu aliyezaliwa Ugusii hawezi kulisikia swali hilo kama burudani. Mwaka 1908 Otenyo Nyamaterere, aliyechochewa na nabii Moraa, alimchoma mkuki Northcote, afisa wa Kiingereza wa Kisii. Northcote alipona, na baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa, na wazee wetu husimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza. Kwa hiyo Killmonger, ambaye kifani ni adui wa steringi, alikuwa akiuliza swali letu. Ukubwa wa filamu ile ulikuwa hapo: ilimpa adui haki yake ya kunena, na steringi akamaliza hadithi akiwa amebadilishwa na maneno ya adui.

Tuliitarajia filamu ya pili iendelee kutoka hapo. Nayo inaanza kana kwamba itaendelea: askari wa Ufaransa wanashikwa wakishambulia kituo cha Wakanda nchini Mali ili waibe madini, na Malkia anawaaibisha mbele ya mataifa huko Geneva. Tukajiweka sawa kitini. Kumbe ndio mwisho wa habari hiyo! Vita vinavyofuata ni baina ya Wakanda na Talokan, taifa la chini ya bahari la wazao wa Wamaya waliokimbia ndui na utumwa wa Wahispania. Yaani, katika dunia nzima, mataifa mawili yaliyoonja au kuponea chupuchupu ubeberu ndiyo yanayouana kwa takribani saa mbili, huku wakubwa wenye kuyatamani madini wakibaki ofisini wakitaniana. Ukinzani huu ungeweza kuwa dhamira nzito, kwani wanyonge kugombanishwa ni historia ya kweli. Lakini hapa hakuna mgombanishaji anayetajwa, wala kutafutwa, wala kuhukumiwa.

Kuhusu lugha tutasema machache. Wakanda husawiriwa Afrika Mashariki, lakini husema Kixhosa, kwa sababu mwigizaji John Kani alikipendekeza katika filamu ya mwaka 2016. Hatulalamiki, ni Kibantu, na mwenye sikio husikia umntu, omonto na mtu vikiitikiana. (Ritifaa ya T'Challa, iliyobuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, ni jambo jingine: katika ng'ombe alama hiyo ina kazi, katika jina la mfalme ni pambo tu.) Ila katika filamu ya pili Kimaya kimepewa historia, mama na kilio, ilhali Kixhosa mara nyingi kimebaki kuwa lugha ya amri na salamu.

Hatuna budi kumtendea haki Angela Bassett, ambaye kama Malkia anabeba peke yake uzito ambao muundo umeushindwa. Anapokufa majini, filamu nayo inaishiwa pumzi.

Tuliirudia Suneka, katika banda, na hapo tukajifunza kitu. Msimulizi hakuridhika na ule mwanzo. Alisimamisha picha, akatoa maombolezo yake mwenyewe, akamtaja marehemu kwa majina yote mawili, la mfalme na la mwigizaji, akaeleza ugonjwa bila haya, na kwa muda mfupi hakuna aliyecheka. Mwishoni, anapotokea Haiti yule mtoto wa T'Challa aitwaye Toussaint, jina la kiongozi wa mapinduzi ambalo filamu hailifanyii kazi yoyote, msimulizi alitangaza kwa sauti kuu kwamba steringi amepatikana. Kijana mmoja aliyekuwa akitoka, ufunguo wa pikipiki mkononi, alijibu kwamba wametuuzia matanga, na steringi wametuwekea akiba ya tiketi nyingine.